Semmelweis, daktari aliyeokoa kina mama kwa kunawa mikono

Mama, ukifika kituoni kujifungua utamwona mkunga ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha, anavaa glavu, ndipo anakupima njia. Ni jambo la dakika moja tu, na kwa sababu ya uchungu huenda hata usiliangalie. Lakini zamani kulikuwa na hospitali kubwa zenye madaktari wasomi ambao hawakunawa. Wanawake waliingia wakiwa wazima, wakajifungua salama, na baada ya siku chache wakazikwa.

Mtu aliyeonyesha kwamba mikono ndiyo iliyobeba kifo hicho aliitwa Ignaz Semmelweis. Katika ukurasa huu utasoma maisha yake, kisha utapata mambo ya kufanya wewe mwenyewe, ukiwa mama aliyejifungua au mlezi anayemhudumia.

Semmelweis alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa na duka la vyakula. Mwaka 1837 alikwenda Vienna, Austria, kusomea sheria, lakini mwaka uliofuata akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1844, akachagua kuhudumia wanawake wanaojifungua.

Julai 1846, akiwa na umri wa miaka 28, alianza kazi ya daktari msaidizi katika wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu ya Vienna. Waliojifungua hapo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake maskini. Walipata huduma bila malipo, na wao wakakubali wanafunzi wajifunze kwao.

Ugonjwa uliowaua kina mama

Ugonjwa wenyewe ni homa ya uzazi. Huanza siku chache baada ya kujifungua. Mama anapata homa kali na kutetemeka, tumbo la chini linauma na kuvimba, na ute unaotoka ukeni unanuka vibaya. Wakati ule hapakuwa na dawa. Ugonjwa ukishaingia kwenye damu, mama alifariki, na mara nyingi mtoto alimfuata.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kondo la nyuma likishatoka, ndani ya mji wa mimba hubaki mahali palipo wazi kama kidonda kibichi. Msamba nao unaweza kuwa umechanika. Vijidudu vikifikishwa hapo na mikono, vifaa au nguo chafu, vinapata njia ya kuingia mwilini. Sisi leo tunalijua hilo. Mwaka 1846 madaktari hawakujua habari za vijidudu. Wengi waliamini kwamba homa hiyo inaletwa na hewa mbaya.

Wodi mbili, hospitali moja

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifundisha wakunga. Zilipokea wajawazito kwa zamu: leo wodi hii, kesho ile. Mama hakuchagua. Siku aliyoshikwa na uchungu ndiyo iliyoamua alale wapi.

Sasa tazama hesabu za mwaka 1846. Katika wodi ya madaktari walijifungua wanawake 4,010, wakafariki 459. Hao ni zaidi ya 11 katika kila 100. Katika wodi ya wakunga walijifungua 3,754, wakafariki 105, yaani chini ya watatu katika kila 100. Jengo moja, jiji moja, wanawake wa hali moja, lakini upande mmoja vifo vilikuwa karibu mara nne ya upande wa pili.

Wanawake wa Vienna walikuwa wameliona hilo kabla ya madaktari kukubali. Waliofika siku ya wodi ya kwanza walipiga magoti wakiomba wasipelekwe huko. Wengine walijifungulia njiani kabla ya kufika hospitali. Na hapo Semmelweis aliona jambo lililomshangaza: waliojifungulia barabarani walipata homa hiyo mara chache kuliko waliolala kwenye wodi yake.

Alitafuta sababu moja baada ya nyingine

Semmelweis hakusema ni bahati mbaya au ni mapenzi ya Mungu, akaishia hapo. Alilinganisha wodi hizo mbili kwa kila kitu.

Je, ni msongamano? Hapana. Wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi, kwa kuwa kina mama waliikimbilia. Je, ni hali ya hewa? Wodi zote mbili zilivuta hewa moja. Je, ni namna ya kulala wakati wa kujifungua? Wakunga waliwalaza kina mama kwa ubavu, naye akafanya vivyo hivyo. Vifo havikupungua. Je, ni hofu? Padri aliyekuja kuwaombea wanaokufa alipita katika wodi ya kwanza huku kengele ikilia mbele yake. Semmelweis alimwomba asipite tena namna hiyo. Kengele ilinyamaza, lakini kina mama waliendelea kufa.

Machi 1847 alirudi kutoka mapumziko mafupi Venice akakuta msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, amefariki. Mwanafunzi alikuwa amemchoma kidole kwa kisu walipokuwa wakipasua maiti. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini mwili wote uliingiwa na sumu. Semmelweis aliposoma taarifa ya maiti ya rafiki yake, alikuta mambo yale yale aliyoyaona kwa kina mama waliokufa kwa homa ya uzazi.

Hapo akapata jibu. Madaktari na wanafunzi walipasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja wodini kuwapima njia kina mama wenye uchungu. Walinawa juu juu kwa sabuni, au hawakunawa kabisa, na harufu ya maiti ilibaki mikononi. Wakunga wa wodi ya pili hawakupasua maiti. Tofauti ilikuwa hiyo.

Naye mwenyewe alikuwa amefanya kazi hiyo ya kupasua maiti kwa bidii kuliko wengi, kwa sababu alitaka kujua kinachowaua. Baadaye aliandika wazi kwamba idadi ya wanawake waliokufa kwa mikono yake anaijua Mungu peke yake.

Beseni mlangoni

Katikati ya Mei 1847 aliweka amri: hakuna atakayemgusa mama kabla ya kunawa kwa maji yenye chokaa ya klorini na kujisugua vizuri. Alichagua klorini kwa kuwa iliondoa ile harufu ya maiti iliyokuwa inabaki baada ya sabuni.

Aprili ya mwaka huo, mwezi mmoja kabla ya amri, walifariki zaidi ya 18 katika kila 100. Juni na Julai walifariki kama wawili au mmoja katika kila 100. Mwaka 1848, ambao ulikuwa mwaka mzima wa kunawa, walijifungua wanawake 3,556 katika wodi ya kwanza wakafariki 45. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, wodi ile iliyoogopwa ilikuwa sawa na wodi ya wakunga. Miezi miwili ya mwaka huo, Machi na Agosti, hakufa mama hata mmoja.

Kuna tukio moja la Oktoba 1847 ambalo mlezi analihitaji kuliko mengine. Katika kitanda cha kwanza alilazwa mama mwenye saratani ya mji wa mimba iliyokuwa inatoa usaha. Madaktari walianza kumpima yeye, kisha wakaenda kwa wenzake bila kunawa kwa klorini kati ya mmoja na mwingine. Wanawake 12 walijifungua pamoja naye wakati huo. Walifariki 11.

Kuanzia hapo Semmelweis alielewa kwamba hatari haitoki kwa maiti peke yake. Mikono inaweza kuutoa uchafu kwa mgonjwa aliye hai na kuupeleka kwa mwenzake. Akaagiza watu wanawe pia kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Kanuni hiyo ndiyo tunayofundishwa wauguzi hadi leo.

Kwa nini hawakumsikiliza?

Ungedhani angepewa zawadi. Haikuwa hivyo. Mkuu wake, Johann Klein, hakumwongezea mkataba ulipokwisha mwaka 1849. Wakubwa wengi walikataa maelezo yake. Sababu moja ni kwamba hayakulingana na walichosoma kuhusu hewa mbaya. Sababu nyingine iliuma zaidi: kukubali maneno yake ni kukubali kwamba daktari, mtu wa heshima, ndiye aliyemuua mgonjwa kwa mkono wake.

Naye alikuwa na kasoro yake. Alichelewa sana kuandika. Wenzake walimsaidia kueneza habari, lakini kitabu chake mwenyewe kilitoka karibu miaka 14 baada ya ugunduzi, na kilikuwa kirefu na kigumu kusoma. Waliompinga aliwaandikia barua za wazi za hasira, akiwaita wauaji. Wengi wao walizidi kuziba masikio.

Mwaka 1850 aliondoka Vienna ghafla akarudi kwao. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus huko Pest, aliongoza wodi ya wazazi kuanzia 1851 hadi 1857. Katika miaka hiyo walijifungua wanawake 933, na homa ya uzazi iliua wanane tu. Mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu cha Pest. Huko alipambana na jambo jingine linalotuhusu: mashuka machafu. Alieleza kwamba mama aliyenawiwa mikono akilazwa juu ya shuka lenye uchafu wa mama mwingine, bado yumo hatarini.

Alioa mwaka 1857. Yeye na mkewe Mária walipata watoto watano, na wawili kati yao walifariki wangali wachanga.

Mwisho wake

Kuanzia mwaka 1861 tabia yake ilianza kubadilika. Alikuwa na huzuni na hasira, na mazungumzo yake yote yakarudi kwenye homa ya uzazi. Mwishoni mwa Julai 1865 alipelekwa Vienna na kuingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Agosti 1865, alifariki akiwa na miaka 47. Mwili wake ulikuwa na majeraha, na kidonda cha kidoleni kilikuwa kimeoza hadi sumu ikaingia kwenye damu. Alikufa kwa ugonjwa wa aina ile ile aliyoipiga vita maisha yake yote.

Miaka miwili baadaye, Joseph Lister wa Uingereza alichapisha namna ya kusafisha vidonda kwa dawa ili visioze. Mwaka 1879, Louis Pasteur wa Ufaransa aliwaonyesha madaktari wenzake vijidudu vilivyopangana kama shanga, ambavyo alivikuta kwa kina mama wenye homa ya uzazi. Ndipo dunia ikaelewa kwamba Semmelweis alikuwa na haki. Leo chuo kikuu cha tiba cha Budapest kinaitwa kwa jina lake.

Hili linakuhusu vipi wewe?

Leo tuna antibayotiki, glavu na vifaa vilivyochemshwa. Lakini homa ya uzazi haijaisha. Mama bado anaweza kuipata kituoni au nyumbani, na mikono bado ndiyo njia yake kubwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii unaweza kushiriki.

Ukiwa kituoni

- Una haki ya kumwomba mhudumu yeyote anawe mikono kabla ya kukugusa wewe au mtoto. Hiyo siyo kumkosea adabu. Msalimu, kisha mwombe kwa upole kama unavyomwomba dada yako. Ukiwa na uchungu na huwezi kusema, mwambie ndugu aliyekusindikiza aseme kwa niaba yako.
- Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu zilizomgusa mgonjwa mwingine hazifai kwako. Ukiona hazijabadilishwa, uliza.
- Beba khanga safi zilizofuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, za kwako na za mtoto.
- Ndugu anayekuhudumia wodini naye anawe kabla ya kukulisha, kukusaidia chooni na kumbeba mtoto. Asitoke kumsaidia mgonjwa wa kitanda cha pili akaja kwako bila kunawa.
- Usiharakishe kuondoka. Baada ya kujifungua kawaida, mama na mtoto wanapaswa kuangaliwa kituoni kwa angalau saa 24.

Ukiwa nyumbani

- Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia, kabla ya kunyonyesha, kabla ya kushika kitovu au kidonda, na kabla na baada ya kubadilisha pedi.
- Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na kucha kwa angalau sekunde 20. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa safi au kwa hewa.
- Kama huna bomba, tengeneza kibuyu chirizi kwa dumu dogo na kamba, ukitundike karibu na choo. Beseni moja la maji ambalo watu wote wanachovya mikono linasambaza uchafu.
- Usinawe mikono kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo au kusafishia sakafu. Ni kali, inachubua ngozi. Sabuni ya kawaida inatosha nyumbani.
- Badilisha pedi mara kwa mara. Ukitumia vitambaa, vifue kwa sabuni na uvianike juani, siyo kwenye kona yenye unyevu.
- Osha msamba kwa maji safi kila siku. Usiweke dawa za kienyeji, majani wala kitu chochote ukeni.
- Acha kitovu cha mtoto kiwe kisafi na kikavu. Usipake majivu, samli, mate wala kinyesi cha mnyama. Kama mhudumu wa afya amekupa dawa ya kitovu, tumia hiyo pekee, kama alivyokuelekeza.
- Wageni wa hongera wakaribishwe kwa maji na sabuni kwanza, mtoto baadaye. Hata mama mkwe. Mwenye mafua au kidonda mkononi asubiri hadi apone.

Dalili za hatari: usisubiri kesho

Katika wiki sita baada ya kujifungua, mama akipata hata moja kati ya hizi, mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana:

- homa, au baridi na kutetemeka
- maumivu makali ya tumbo la chini
- ute au damu yenye harufu mbaya
- kutokwa na damu nyingi
- kidonda cha upasuaji au msamba kuvimba, kuwa chekundu au kutoa usaha
- moyo kwenda mbio, kuhema haraka, kulegea sana au kuchanganyikiwa
- kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe au degedege

Mtoto mchanga naye apelekwe haraka akishindwa kunyonya, akiwa na joto kali au baridi isiyo ya kawaida, akihema haraka au kifua kikibonyea ndani, akipata degedege, akilegea, akigeuka manjano, au kitovu kikiwa chekundu au kutoa usaha.

Usimpe mama panadol na kungoja uone. Dawa ya kushusha homa haiui vijidudu. Inaficha tu dalili wakati sumu inaendelea. Usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia. Homa ya uzazi ikiwahiwa inatibika, na ikichelewa inaweza kuua ndani ya siku chache. Hata kama mama anajisikia vizuri, rudi kliniki kwa tarehe ulizopangiwa. Mama asikose kupimwa kwa sababu tu mtoto ana afya.

Wanawake wa Vienna walijua kwamba wodi ile ina hatari, wakapiga magoti, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Wewe huna haja ya kupiga magoti. Ukiona mikono haijanawiwa, sema. Ukiona mwili wa mama umebadilika, sema mapema. Na wewe mlezi unayesoma haya kwa ajili ya mwenzako, anza na mikono yako mwenyewe kabla ya kumgusa.